Tezi 4 Kati ya 17

Watu wakisikia nilikatwa titi, huuliza habari za titi. Lilikuwa likiuma? Uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani? Utaweka la bandia? Hakuna anayeuliza kwapa. Na mimi nikipewa nafasi ya kueleza jambo moja tu kuhusu ugonjwa huu wa kansa ya titi, nitaeleza kwapa, maana ndiko ulikopitia, ndiko madaktari walikosoma umefika wapi, na ndiko kulikoniachia mkono ambao hadi leo naupima asubuhi kwa tepu ileile ninayowapimia wateja.

Mimi ni fundi wa nguo, mtaa wa Bondeni, Nakuru. Kazi ya fundi ni mabega, kifua na kwapa. Blauzi isiyokaa vizuri kwapani haikai vizuri popote. Ndiyo maana nilipoona blauzi zangu mwenyewe zinanisugua upande wa kulia nililaumu mkato kwanza, nikaachia upana kidogo, zikaendelea kusugua. Nilipopapasa nikakuta kitu kigumu cha mviringo ndani ya nyama. Hakikuuma hata kidogo, na kisichouma hakimpeleki fundi hospitali msimu wa yunifomu.

Msimu ulipokwisha nikaenda. Zahanati moja ya mtaani, sitaitaja, ilisema ni jipu la kunyoa. Nikapewa antibiotiki. Uvimbe ukabaki palepale. Niliporudi nikapewa dawa kali zaidi na mafuta ya kupaka, nikaambiwa niache manukato ya kwapani. Katika kwenda na kurudi kote huko hakuna aliyeniambia nivue blauzi ashike titi. Hilo linanikera kuliko yote niliyotendewa, kwa sababu haikukosekana mashine wala haikuhitajika pesa. Ulihitajika mkono tu.

Mkono huo nilikuja kuupata kwa sista mmoja wa makamo, siku waliyokuwa wakipima wanawake bure mtaani kwetu. Alianzia kwapani, akashuka pembeni mwa titi, akazunguka kwa ncha za vidole vitatu, akasimama mahali, akaondoka, akarudi palepale. "Mama, huyu wa kwapani ni mgeni," akasema. "Mwenyeji wake yuko huku." Akanishika kidole changu mwenyewe akakiweka juu yake. Kilikuwa ndani sana, sehemu ya juu upande wa nje, ambako uvimbe wa titi huanzia mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Bila kidole kile kukandamizwa na chake nisingekihisi.

Hospitalini walinipiga picha ya ultrasaundi, titi na kwapa, kisha sindano mbili: moja nene ya kuchukua kinyama titini, nyingine nyembamba ya kufyonza seli kwenye tezi ya kwapani. Hapa kukawa na vita vya nyumbani. Shangazi yangu alipanda matatu kutoka Mumias kuja kunizuia. Kwake yeye, kansa ikiguswa na chuma huamka na kutawanyika, na alikuwa na majina ya watu. Si uongo, watu hao walikufa. Ila nilipomuuliza kila mmoja wao alipelekwa hospitali lini, jibu lilikuwa moja: titi lilipokuwa limeshapasuka, au mgongo ulipoanza kumnyima usingizi. Kisu kilifika mwisho, kikabeba lawama zote. Daktari hakumdharau. Alimwambia, "Mama, tezi hii ya kwapani ilivimba kabla hatujamgusa binti yako. Nani aliyeipeleka kansa huko?" Shangazi alinyamaza, kisha akauliza chai inauzwa wapi.

Swali lile lilinikaa mimi zaidi yake. Nani aliyeipeleka? Siku iliyofuata nilimrudishia daktari, naye akageuza bahasha ya eksirei akachora mtu asiye na sura.

Damu inapozunguka, alieleza, sehemu ya maji yake huvuja kwenye mishipa iliyo midogo kabisa na kulowesha nyama. Mengi hurudi. Yanayobaki, lita kadhaa kwa siku, lazima yakusanywe, la sivyo mtu angevimba mwili mzima. Kazi hiyo ni ya mishipa ya limfu. Haina moyo wa kuisukuma. Maji husogea kwa sababu misuli inakaza na kulegea, kwa sababu mtu anavuta pumzi, kwa sababu kuta za mishipa hujikamua zenyewe kidogokidogo, na kwa sababu ndani mna vali zinazoyaruhusu kwenda upande mmoja tu: juu, hadi chini ya mifupa ya mtulinga, ambako humwagwa tena kwenye damu. Njiani kuna tezi, mamia mwilini, na kila moja huchuja kinachopita na kukionyesha askari wa kinga. Kwapa moja lina kati ya 20 na 40. Titi hutoa zaidi ya robo tatu ya limfu yake kupitia kwapa la upande wake. Kiasi kidogo huingia ndani, kwenye tezi zilizo nyuma ya mfupa wa kifua.

Niliona aibu kidogo kwamba nimeishi na mfumo mzima wa mabomba bila kujua upo, hadi niliposoma kwamba hata matabibu walichelewa. Limfu haina rangi, na mishipa yake ni myembamba, kwa hiyo ukipasua mwili huioni. Mtaliano Gaspare Aselli aliigundua mwaka 1622 tumboni mwa mbwa aliyekuwa ameshiba, kwa sababu wakati huo mishipa ya utumbo ilikuwa imejaa mafuta meupe ya chakula. Mbwa mwenye njaa asingemwonyesha kitu.

Sasa, kwa nini kansa ipende njia hii? Mishipa ya limfu inapoanzia huko pembezoni ina kuta za seli zilizolaliana kingo tu, bila kushikamana barabara. Maji yakijaa nje, kingo hufunguka ili yaingie. Mlango mpana namna hiyo unatosha kupitisha vijidudu, na unatosha kupitisha seli ya kansa. Uvimbe nao ukikua hubana maji ndani yake, na seli zilizolegea husukumwa nje pamoja nayo. Tena kuna uvimbe unaotoa protini za kuchochea mishipa mipya ya limfu ichipuke kandokando yake. Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Kumbe haungoji njia, unaitengeneza.

Seli nyingi zinazosafiri hufa. Zinazofika kwenye tezi hukwama kwanza pembezoni mwake, na nyingine humalizwa na kinga papo hapo. Zinazosalimika hugawanyika, zikaijaza tezi hadi ikawa ngumu. Zikitoboa ganda la tezi hushika nyama ya jirani, na ukiisukuma kwa kidole haisogei tena. Hii ndiyo tofauti aliyokuwa akiitafuta yule sista. Tezi iliyovimba kwa jipu au kidonda cha mkono kwa kawaida huuma, ni laini kidogo, na hurudi chini maradhi yakipona. Iliyo ngumu, isiyouma, inayozidi kukua wiki baada ya wiki, inataka sindano. Nasema inataka sindano. Sisemi ni kansa. Nitafika huko.

Dada yangu mkubwa aliposikia sindano zote mbili zimetoa jibu baya alipiga yowe, "Kwa hiyo una kansa mbili!" Hapana. Seli zile za kwapani zikitazamwa kwa hadubini ni seli za titi, na zinatibiwa kwa dawa za titi. Hata zingefika kwenye ini, isingekuwa kansa ya ini. Nimelieleza hili mara nyingi kwa majirani, na bado kuna anayeamini kwamba marehemu fulani alipona ya titi akafa kwa nyingine ya mapafu, kana kwamba alikuwa na mkosi wa kipekee.

Upasuaji ulikuwa wa titi zima na tezi za kwapa. Nilikuwa nimesikia kuna njia ya kutoa tezi moja au mbili tu. Rangi ya buluu hudungwa karibu na uvimbe, inafuata limfu, na tezi inayogeuka buluu kwanza ndiyo inayopokea maji ya titi kabla ya nyingine. Hiyo hutolewa na kupimwa. Ikiwa safi, nyingine huachwa kwa amani. Daktari Donald Morton wa California na wenzake waliieleza mwaka 1992 kwa kansa ya ngozi, na mwaka 1994 Armando Giuliano akaeleza matumizi yake kwenye titi. Ni njia nzuri, ila ni ya mtu ambaye kwapa lake bado halijaonyesha kitu. Langu lilikuwa limeshajieleza.

Ripoti ya maabara ilipotoka, daktari hakuanza na titi. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja: tezi 17 zimekaguliwa, 4 zina saratani, moja seli zimetoka nje ya ganda. Uvimbe wa titi sentimita 3. Kisha akanieleza hesabu inavyokwenda. Tezi 1 hadi 3 za kwapani huandikwa N1. Kuanzia 4 hadi 9 ni N2. Zikifika 10 ni N3. Kwa ukubwa wa uvimbe wangu, tezi 3 zingeniweka hatua ya 2. Ile ya nne ndiyo iliyonivusha hadi hatua ya 3. Nilimtazama kama aliyenidanganya bei. Kitezi kimoja!

Nilijifunza pia kuangalia ile namba ya pili, hiyo 17. Tezi 4 kati ya 17 na tezi 4 kati ya 5 si habari moja, kwa sababu zisizotolewa hazikukaguliwa, na huwezi kujua zimeficha nini. Kwapa likisafishwa, madaktari hutaka angalau tezi 10 zikaguliwe ndipo hesabu iaminike. Tangu siku hiyo, mgonjwa mwenzangu akinionyesha ripoti yake natafuta namba hizo mbili kabla ya salamu.

Hatua ya 3 iliwaliza watu nyumbani. Walidhani ni jirani wa kaburi. Lakini picha za kifua na ini zilikuwa safi, na mifupa haikuwa na shida. Ugonjwa ulikuwa kwenye titi na tezi za upande uleule. Ungeonekana mbali zaidi, ingekuwa hatua ya 4, na mazungumzo yangekuwa mengine.

Nilimuuliza daktari jambo ambalo naona kila mtu hulifikiria: kama kansa inapita kwapani, kwa nini asikate zaidi, akafuata mishipa hadi shingoni, tumalize? Akacheka, akasema kuna mtu alifikiri hivyohivyo, na dunia nzima ikamfuata. William Halsted, daktari wa upasuaji wa Baltimore huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, aliamini kansa ya titi hutoka hatua kwa hatua, kwanza titi, kisha tezi, kisha mwili. Kwa hiyo alikata titi, misuli ya kifua na kwapa lote kwa pamoja. Wanawake walibaki na mbavu zinazoonekana na mikono isiyoinuka. Ilichukua miongo mingi hadi Bernard Fisher wa Pittsburgh alipothubutu kupima. Utafiti wake ulioanza mwaka 1971 uliwagawa wanawake katika makundi, wengine wakikatwa kwa mtindo wa Halsted, wengine wakikatwa kidogo kuliko hapo, na baada ya miaka 25 hakukuwa na tofauti ya maana katika nani yuko hai. Sababu ni kwamba seli nyingine huwa zimeshaingia kwenye damu mapema, bila kupiga hodi kwenye tezi.

Kwa hiyo tezi ni mlango au ni kibao cha barabarani? Inaonekana ni vyote viwili, na wanasayansi bado wanavutana. Mwaka 2017 watafiti waliofuatilia jeni za kansa ya utumbo mpana walikuta kwamba kwa takriban thuluthi mbili ya wagonjwa, kansa iliyo kwenye tezi na ile iliyofika mbali zilitoka matawi tofauti ya uvimbe uleule, hazikufuatana. Mwaka uliofuata, kwa panya, ikaonekana seli zikiingia kwenye damu kutoka ndani ya tezi yenyewe. Mimi fundi wa nguo nilichotoa humo ni hiki: kwapa langu kuwa na tezi 4 kulimaanisha uwezekano mkubwa kwamba kuna seli mahali pengine zisizoonekana kwa picha yoyote, na hizo hazifuatwi kwa kisu. Zinafuatwa kwa dawa inayozunguka mwili mzima. Nilipoelewa hivyo niliacha kuuliza kwa nini nipewe kemo na "kansa imeshatolewa yote".

Kuhusu kemo sina jipya la kusema. Ile dawa nyekundu hugeuza mkojo kuwa mwekundu na kichwa kuwa kipara, na ukishajua hayo huogopi chooni. Yaliyonifunza zaidi yalikuwa kwenye benchi la kusubiri. Nakuru hupokea wagonjwa kutoka Baringo, Narok, Kericho, Bomet, na kila mtu hukaa na bahasha yake magotini. Nilikaa na mzee mmoja wa pande za Bomet, ambako kansa ya umio, mrija wa kupitisha chakula, imewamaliza wengi. Alikuwa na uvimbe juu ya mtulinga wa kushoto, naye alishangaa kwamba chakula kinakwama kifuani lakini daktari anashughulika na shingo. Nilikuwa na jibu, maana nilikuwa nimeshachorewa. Mfereji mkuu wa limfu hubeba maji ya miguu yote miwili, tumbo lote na upande wa kushoto wa juu, ukapanda kifuani na kumwagika hapo, chini ya mtulinga wa kushoto. Upande wa kulia wa juu, pamoja na mkono wangu, una mfereji wake mdogo. Ndiyo maana kansa ya tumbo au ya umio inaweza kuchomoza shingoni, kushoto, kabla mtu hajajua ana ugonjwa. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliliona hilo mwaka 1848, na tezi hiyo inaitwa kwa jina lake. Mzee alisikiliza, akajigusa shingo, akasema kwa Kiswahili chake cha Kikipsigis, "Basi huu ni mwisho wa barabara, si mwanzo." Alikuwa ameelewa kuliko mimi nilivyoelewa siku ya kwanza.

Siku nyingine alikuwako mama kijana kutoka upande wa ziwa, na mtoto aliyevimba taya. Huyo alikuwa na ugonjwa wa aina nyingine kabisa: kansa inayoanzia kwenye seli za kinga zenyewe, si mgeni aliyekuja kutoka kwingine. Denis Burkitt, daktari kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda, aliieleza mwaka 1958, na inawapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi kama kandokando ya Ziwa Victoria. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini husikia dawa haraka pia. Mama yule alikuwa akilaumiwa na wakwe kwamba mtoto ana jino la uchawi. Nilimpa skafu. Sikuwa na kingine.

Mionzi nilipigwa hapahapa Nakuru, na kwa mtu anayekumbuka enzi za kupanga safari ya Nairobi kwa kila kitu, hilo si dogo. Walinilenga kifuani na juu ya mtulinga. Tezi 4 ndizo zilizoamua hilo pia. Kuanzia hapo huwa hawabahatishi na zile za juu.

Halafu mkono. Hakuna aliyenificha. Nilitia sahihi karatasi iliyosema mkono unaweza kuvimba. Lakini mtu anayeogopa kufa hasomi habari za mkono. Wanawake waliosafishwa kwapa, kama mmoja kati ya watano hivi hupata uvimbe huu, na mionzi huongeza hatari. Haukuja mara moja. Nilikuwa nimesharudi kazini, nakata vitambaa vya madera ya Idi, nikaona pete imegoma na mkono wa blauzi umebana juu ya kiwiko. Jioni nikabonyeza ngozi kwa kidole gumba, shimo likabaki.

Ukielewa limfu huhitaji kuelezwa kwa nini. Maji yanaendelea kuvuja kutoka kwenye damu kama zamani, lakini tezi 17 za kuyapitisha hazipo, na mionzi imekakamaza baadhi ya mishipa iliyobaki. Yanatafuta njia za pembeni. Siku yakizidiwa, yanakaa.

Mtaalamu wa viungo aliponiambia ninunue tepu, nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilimwonyesha ilipo, shingoni mwangu. Akanifundisha alama: kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya kiwiko, sentimita 10 juu ya kiwiko, mikono yote miwili, saa ileile ya siku. Tofauti ikifika sentimita 2 usingoje miadi. Nina daftari la wateja lenye ukurasa wangu mimi, kati ya harusi ya mtu na yunifomu za shule, na namba zangu zimeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Kukamua limfu pia kuna utaratibu wake, na ni kinyume na mtu anavyodhani. Binti yangu alitaka kuanza kunisugua kutoka vidoleni kwenda juu, kwa nguvu, na mafuta ya nazi. Hapana. Kwanza unavuta pumzi ndefu za tumbo, zinazovuta maji kuelekea kifuani. Kisha shingo. Kisha kwapa la upande wa pili, lile lisilopasuliwa, kwa sababu huko ndiko maji yatakakoelekezwa. Mkono wenyewe unakuja mwisho, sehemu ya juu kabla ya chini, kwa mguso mwepesi sana wa kuvuta ngozi tu, maana mishipa ile iko juujuu na ukikandamiza unaifunga. Ni kazi ya polepole inayokera mtu mwenye haraka.

Kuna soksi ya kubana mkono. Nilipoiona bei nilitaka kushona yangu, kitambaa cha kuvutika ninacho, cherehani ninayo. Nikaigeuza ndani nje nikaisoma kama fundi. Ule mfumo wa nyuzi unabana zaidi kifundoni na kulegea taratibu kuelekea begani, ili maji yasukumwe juu. Ukishona wa kubana sawa kila mahali, au mbaya zaidi, wenye lastiki kali juu, umejifunga kamba mkononi. Nikalipa. Natamani mafundi wenzangu wanaowatengenezea wagonjwa vitu hivi kwa huruma walijue hilo.

Mzee mmoja jirani, mtu wa Kilifi aliyehamia Bondeni miaka mingi, aliona mkono akatikisa kichwa: "Hayo ni matende, mwanangu. Kwetu nimeyaona." Nilikataa kwanza, baadaye nikaona hayuko mbali. Matende ya Pwani yanatokana na minyoo inayoenezwa na mbu, na minyoo hiyo hukaa ndani ya mishipa hiihii ya limfu na kuiharibu. Yeye aliona mguu, mimi nina mkono. Yeye ni minyoo, mimi ni kisu na mionzi. Maji yamekwama vilevile. Hata mateso ni yaleyale: ngozi ikipasuka kidogo, vijidudu vinaingia na maji yaliyokwama hayavifikishi kwenye tezi vikazuiwe. Mimi hilo lilinipata kwa sindano ya cherehani. Ilinidunga kidole cha shahada, asubuhi yake mkono ukawa mwekundu hadi kiwikoni na homa juu. Nilikwenda hospitali siku hiyohiyo, nikapewa antibiotiki, safari hii kwa sababu ya maana. Sasa sishiki sindano ya mkono bila kile kikofia cha chuma cha kidoleni, na napaka mafuta ngozi isikauke.

Kazi nimeipanga upya. Kukata vitambaa vizito ni asubuhi, mkono ukiwa mwepesi. Pasi ya makaa nimempa kijana. Nikishona kwa muda nainua mkono juu ya mto, nakunja na kukunjua ngumi, kwa sababu misuli ndiyo pampu niliyobaki nayo. Wateja wameshazoea, wapo wanaodhani naomba dua.

Na wengine hunivutia kando wanipe kwapa zao nizishike. Mimi si daktari, nawaambia, lakini nashika, kisha nawaelekeza kwa yule sista. Mmoja wao, msichana anayesomea ualimu, alikuja amekonda, anatoka jasho usiku, tezi za shingo zimepangana upande mmoja, ngumu, haziumi. Nilijua anachofikiria kwa sababu alikuwa akiutazama mkono wangu. Nikaenda naye. Wakamchoma sindano, wakapeleka maabara, jibu likatoka: kifua kikuu cha tezi, ambacho hapa kwetu ni sababu ya kawaida sana ya tezi za namna hiyo. Dawa zake ni za bure, miezi 6. Alizimeza zote, tezi zikarudi chini, mwili ukarudi, na sasa anasumbua kwamba gauni la harusi ya dada yake nililompima akiwa amekonda halifungi mgongoni, nililegeze bila malipo.